Dozi ya Umeme Hupimwa kwa Mgonjwa Mwenyewe

Hotuba kwa madaktari, wauguzi na wataalamu wa usingizi wa kanda ya kati, Dodoma

Ndugu mwenyekiti, madaktari, wauguzi wa afya ya akili, wenzetu wa usingizi, na ninyi wanafunzi mliokaa nyuma, habari za asubuhi.

Nimepewa mada moja: tunajuaje kiasi sahihi cha umeme cha kumpa mgonjwa katika tiba ya umeme, ile ambayo mtaani wanaiita kupigwa shoti. Naanza na jibu, halafu muda uliobaki niutumie kulitetea. Dozi ya tiba hii hainakiliwi kutoka faili la mgonjwa mwingine. Kila mtu ana kizingiti chake, yaani kiasi kidogo kabisa cha umeme kinachotosha kumletea degedege la mwili mzima. Dozi ni kizingiti hicho kikizidishwa kwa namba inayotegemea mahali elektrodi, yaani vile vibati vinavyopitisha umeme kichwani, zilipowekwa. Usipokijua kizingiti, namba yoyote unayoiweka ni ya kubahatisha, na anayelipia ni mgonjwa: ama atapata degedege lisilomponya, ama atapona huku kumbukumbu zake zimeumizwa kuliko ilivyolazimu.

Mji huu una Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyoanza mwaka 1927. Watu huletwa Dodoma kutoka Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na mbali zaidi, na wapo wanaofika hali imeshakuwa mbaya: mama aliyejifungua akaacha kula, kijana aliyeganda kitandani hasemi wala hageuki, mzee mwenye sonona nzito anayeamini tumbo lake limeoza. Watu kama hawa ndio tiba ya umeme inawafaa kuliko tiba nyingi tulizonazo. Ndiyo maana inauma kuona mmoja wao amepelekwa chumba cha tiba mara sita au saba, amelazwa usingizi mara zote hizo, halafu familia inaambiwa "haikusaidia", kumbe hakuwahi kupewa dozi ya tiba hata siku moja.

Tuanze na kipimo chenyewe. Mashine za sasa hazimimini umeme mfululizo. Zinatoa mapigo mafupi, moja la upande chanya na moja la upande hasi, yakifuatana kwa sekunde chache. Tunachokihesabu ni chaji, kwa milikulombi, na inapatikana kwa kuzidisha vitu vinne: nguvu ya mkondo kwa ampea, upana wa pigo moja kwa sekunde, idadi ya mapigo katika sekunde moja, na muda wote wa kupitisha umeme. Angalieni mtego mmoja hapo. Mashine ikiandika hezi 40, maana yake ni jozi 40 kwa sekunde, kwa hiyo mapigo ni 80. Mfano: mkondo wa ampea 0.8, upana wa milisekunde 0.5, hezi 40, kwa sekunde 3. Zidisha 0.8 kwa 0.0005, kwa 80, kwa 3. Utapata kulombi 0.096, ndizo milikulombi 96. Ukisahau kuzidisha jozi kwa mbili utaandika 48 kwenye faili, na atakayekuja baada yako atakosea kwa nusu nzima.

Wengine bado wanaandika juli, yaani kipimo cha nishati. Juli hubadilika kufuatana na ukinzani wa kichwa cha mgonjwa, yaani jinsi kinavyouzuia umeme, na ukinzani huo hatuupangi sisi. Mashine ya Thymatron, kwa mfano, inafika milikulombi 504 kwa mkondo wa ampea 0.9. Zile "juli 100" zinazotajwa kwa dozi yake kamili ni kweli kama kichwa kina ukinzani wa omu 220. Akiwa na omu 300, juli zinapanda ingawa chaji ni ileile. Andikeni milikulombi.

Upana wa pigo nao una uzito wake. Seli ya neva inahitaji sehemu ndogo sana ya sekunde ili iwake, kati ya milisekunde 0.1 na 0.2 hivi. Umeme unaoendelea kupita baada ya hapo hauongezi sana nguvu ya kuiwasha, bali unaongeza kuchanganyikiwa. Ugo Cerletti na Lucio Bini walipoanza tiba hii Rome mwaka 1938, walitumia umeme wa mawimbi kama huu wa ukutani. Kwenye umeme wetu wa hezi 50, nusu ya wimbi moja ina milisekunde 10. Linganisheni na pigo la 0.5 au la 0.3. Kwa hiyo mkikutana na mashine ya zamani yenye vitufe vya volti na sekunde tu, msijidanganye kwamba mnaweza kuitumia kupima kizingiti. Mkondo wake unabadilika na ukinzani wa kila kichwa, na chaji iliyopita huijui. Maoni yangu ni kwamba mashine ya namna hiyo iondolewe chumbani kabisa.

Sasa kizingiti. Kati ya mgonjwa mwenye kizingiti cha chini na mwenye cha juu tofauti inaweza kupita mara kumi. Wanaume kwa kawaida wana kizingiti cha juu kuliko wanawake, na wazee kuliko vijana. Elektrodi zikiwekwa pande zote mbili za kichwa kizingiti huwa juu kuliko zikiwekwa upande wa kulia peke yake. Lakini umri na jinsia vinaeleza sehemu ndogo tu ya tofauti hiyo, ndiyo maana kukisia kwa kumtazama mtu hakutoshi.

Kwa nini tusimpe kila mtu dozi ndogo inayoleta degedege, tukaishia hapo? Kwa miaka mingi madaktari waliamini hivyo: degedege likitokea, tiba imetokea. Harold Sackeim na wenzake Marekani waliivunja imani hiyo. Katika utafiti wao wa mwaka 1993, wenye wagonjwa 96 wa sonona, waliopewa umeme upande wa kulia kwa dozi ya kizingiti walipata degedege zuri kabisa la kutazama, lakini waliopata nafuu walikuwa asilimia 17 tu. Dozi ya upande huohuo ilipopandishwa hadi mara mbili na nusu ya kizingiti, walifika asilimia 43. Waliopewa pande mbili walipata nafuu kwa asilimia 65 kwa dozi ndogo na 63 kwa dozi kubwa. Mwaka 2000 walirudi na wagonjwa 80, safari hii wakipandisha upande wa kulia hadi mara sita ya kizingiti, na hapo nafuu ikafika asilimia 65, sawa na pande mbili, huku madhara kwenye kumbukumbu yakiwa madogo zaidi.

Namba za kuzidishia zinatoka humo. Pande mbili za kichwa: mara 1.5 ya kizingiti. Upande wa kulia peke yake: mara sita. Atakayempa mgonjwa wa upande wa kulia mara 1.5 atampa degedege tupu. Naye atakayempa wa pande mbili mara sita atamchanganya akili bila faida ya ziada.

Kazi ya dozi inaanza kabla hujaigusa mashine, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo mambo mengi yanapoharibikia.

Kwanza dawa. Mgonjwa aliyefika wodini akifanya fujo huwa ameshachomwa diazepamu, pengine siku tatu mfululizo. Diazepamu haiondoki mwilini kwa usiku mmoja. Mabaki yake hufanya kazi kwa siku kadhaa. Huyo ukimpima leo utapata kizingiti kilichopandishwa na dawa, na wiki ijayo ikishatoka utakuwa unampa umeme mwingi kupita haja. Ipunguzwe taratibu, isikatwe ghafla, na fujo za usiku zitulizwe kwa njia nyingine, kwa mfano promethazini. Kabamazepini na valproeti zinapandisha kizingiti na kufupisha degedege. Kama alipewa kwa ajili ya kutuliza hisia, jadilini kuzipunguza au kuzisimamisha kwa muda wa tiba. Kama alipewa kwa ajili ya kifafa, hiyo haiguswi, wala fenobabitoni haiguswi. Mpime akiwa anaitumia. Litiamu inaongeza kuchanganyikiwa baada ya tiba. Na mgonjwa wa pumu anayemeza aminofilini asipite bila kuulizwa: dawa hiyo inaweza kulirefusha degedege mpaka likawa hatari. Ulizeni vidonge vyote, pamoja na vile vilivyonunuliwa duka la dawa bila cheti.

Pili nywele. Hakuna kitabu cha nchi za baridi kitakachowaeleza hili ipasavyo. Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, rasta za nywele bandia, gundi ya wigi na vibanio vya chuma, vyote vinasimama kati ya elektrodi na ngozi. Mafuta yanazuia umeme. Nywele bandia zinaweza kuungua, na chuma kinaukusanya umeme mahali pamoja ukachoma. Muuguzi wa zamu ya jioni ndiye mwenye kazi hii: mgonjwa aoshe kichwa kwa sabuni, asipake mafuta, na msuko ufumuliwe pale elektrodi zitakapokaa. Kwa tiba ya upande wa kulia, pa utosini pasisahaulike, kwa sababu elektrodi ya pili hukaa hapo. Kunyoa si lazima. Kumnyoa mtu bila ridhaa yake ni kumdhalilisha. Fumua, gawanya nywele kwa kitana, jeli ifike kwenye ngozi.

Asubuhi ngozi isuguliwe kwa chachi yenye maji ya chumvi, ikaushwe. Ukitumia spiriti, subiri ikauke kabisa, kwa kuwa mgonjwa anapumua oksijeni na cheche moja inatosha kuwasha moto. Jeli ipakwe mwishoni. Kiangazi cha Dodoma kinajulikana: jeli iliyopakwa mapema, mgonjwa akisubiri foleni, itakauka kabla zamu yake haijafika.

Kisha pima mahali. Kwa pande mbili, vuta mstari wa kufikirika kutoka kona ya nje ya jicho hadi kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio, tafuta katikati yake, panda juu sentimita 2.5 hadi 3. Fanya hivyo kila upande. Kwa upande wa kulia, elektrodi moja inakaa palepale penye panja la kulia. Nyingine iko sentimita 2.5 kulia kwa utosi kamili, pale mstari wa pua hadi kisogoni unapokutana na mstari wa sikio hadi sikio. Elektrodi mbili zikisogeleana, umeme unakata njia ya mkato kwenye ngozi badala ya kuingia kwenye ubongo, na kizingiti unachokipata ni cha uongo.

Kabla ya kubonyeza, mashine itakupa ukinzani. Kwa mashine nyingi unatakiwa uwe kati ya omu 100 na 3000. Ukizidi, shida ni ngozi chafu, jeli iliyokauka, waya uliolegea au elektrodi isiyokandamizwa. Usiongeze dozi, rudi kwenye ngozi. Ukiwa chini mno, jeli au jasho vimetengeneza daraja kati ya elektrodi mbili. Futa hapo katikati, kausha, pima tena. Huu wa chini ndio unaodanganya zaidi, kwa kuwa mtu huona namba ndogo akadhani ni njema.

Tatu usingizi. Daktari wa usingizi ni mshirika kamili wa dozi. Propofoli, kwa miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo, inapandisha kizingiti na kulifupisha degedege. Thiopentoni, miligramu 2 hadi 4 kwa kilo, nayo inapandisha. Ketamini, miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, haipandishi, lakini inainua presha na wengine huamka wakiona mambo yasiyokuwepo. Sichagui dawa kwa niaba yenu. Ninachosisitiza ni hiki: dawa iliyotumika siku ya kupima kizingiti, kwa kiasi kilekile, itumike siku zinazofuata. Dawa ikibadilika kwa sababu ya stoo, iandikwe kwa herufi kubwa, maana kizingiti cha zamani hakina nguvu tena. Muda nao uandikwe. Umeme ukipita sekunde 40 baada ya usingizi kuingia unakutana na ubongo uliozama. Subirini angalau dakika moja na nusu, ikiwezekana mbili, mgonjwa akiwa amelala na misuli imelegea. Katika muda huo apumuliwe kwa begi na oksijeni, pumzi za haraka na za kutosha. Hewa ya kaboni ikipungua kwenye damu, kizingiti kinashuka na degedege linakuwa imara.

Sasa siku ya kupima. Mgonjwa amefunga kula, ridhaa imesainiwa, mashine iko kwenye stabilaiza, hali ya moyo inaonekana kwenye skrini. Apewe atropini miligramu 0.4 hadi 0.6 kwenye mshipa. Wengine huiruka siku za kawaida, lakini siku ya kupima msiiruke. Umeme usioleta degedege unausisimua mshipa wa fahamu unaopunguza mapigo ya moyo, na kwa kuwa degedege halikuja, hakuna adrenalini ya kuuamsha moyo tena. Unaweza kuuona moyo ukisimama kwa sekunde kadhaa. Anayetumia propranololi au dawa jamaa yake yuko kwenye hatari kubwa zaidi.

Kabla dawa ya kulegeza misuli, suksinilkolini, haijaingia, jaza hewa mkanda wa kupimia presha kwenye kifundo cha mguu, kupita presha yake ya juu. Ule mguu hautapata suksinilkolini, kwa hiyo utatuonyesha degedege waziwazi mwili mwingine ukiwa umetulia. Kwa tiba ya upande wa kulia, funga mguu wa kulia. Umeme wa kulia unauchezesha mguu wa kushoto kwanza; wa kulia ukicheza ndipo mnajua degedege limeenea ubongo mzima. Mwenye selimundu au damu iliyoganda kwenye mguu asifungwe; huyo tegemeeni mchoro wa umeme wa ubongo. Ndipo suksinilkolini iingie, miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo, na msubiri mitetemo midogo ya misuli ipite mpaka vidole vya mguu usiofungwa. Aliyelala kitandani majuma mengi bila kujigeuza apimwe potasiamu kwanza, kwa kuwa dawa hii inaweza kuipandisha ghafla.

Weka kinga ya meno, kandamiza taya, bonyeza. Kwa mama wa miaka 38, upande wa kulia, anza na milikulombi 25. Hesabu sekunde 20 kwa saa ya ukutani, kwa sababu kuna degedege linalochelewa, na ukilifuatilia na umeme wa pili utakuwa umempiga mtu ambaye tayari degedege lake linaanza. Hakuna kitu? Angalia ukinzani, nenda 50. Hakuna? 100. Hazizidi mara tatu au nne kwa siku moja. Kabla ya kila jaribio jipya, daktari wa usingizi athibitishe mgonjwa bado amelala. Mtu aliyelegezwa misuli akiwa macho anasikia kila kitu na hawezi hata kupepesa. Na mkilazimika kurudia suksinilkolini, kumbukeni dozi ya pili huyashusha mapigo ya moyo.

Tuseme mama huyu alikaa kimya kwa 25, akapata degedege kwa 50. Kizingiti chake halisi kiko mahali fulani kati ya hizo mbili. Sisi tunakiandika 50. Mara sita ni 300. Hiyo ndiyo dozi yake siku inayofuata. Lile degedege la 50 halihesabiwi kama tiba, na asiandikiwe kwamba ameshafanyiwa moja kati ya zake. Angekuwa wa pande mbili, akapata kwa 50 hizohizo, dozi ingekuwa 75.

Mzee wa miaka 68 ni hesabu nyingine. Anza na 50, ikashindwa, 100, ikashindwa, 200 ikaleta degedege. Mara sita ni 1,200, na hakuna mashine ya kawaida inayofika huko. Nyingi zinaishia kati ya 500 na 600. Hapa watu hufanya kosa la kumpa kiwango cha juu cha mashine na kuendelea. Kwake hicho ni mara mbili na nusu tu ya kizingiti, ileile iliyoleta asilimia 43. Rudi nyuma kwanza. Kuna diazepamu iliyojificha? Propofoli ilikuwa nyingi? Mashine inaruhusu pigo la milisekunde 0.3? Pigo jembamba linashusha kizingiti kwa chaji, na likitumika kwa mara sita upande wa kulia linafanya kazi na kuacha kumbukumbu salama zaidi. Kama hakuna njia, hamieni pande mbili. Ila msichukue 200 ya upande mmoja mkaizidisha kwa 1.5, kwa kuwa mmehamisha elektrodi na kizingiti kimehama nazo. Pimeni upya. Hata kubadili upana wa pigo kunataka kupima upya.

Upo wakati wa kutopima. Aliyeganda, ana homa, hajala wala kunywa siku nyingi, hana nafasi ya kupoteza siku kwa umeme usiotosha. Mwenye moyo dhaifu hafai kupewa umeme wa kushindwa mara tatu. Kwa hao tumieni pande mbili kwa njia ya nusu ya umri, iliyochunguzwa na Petrides na Fink mwaka 1996: asilimia ya uwezo wa juu wa mashine ni nusu ya miaka ya mgonjwa. Wa miaka 60 apewe asilimia 30, ambayo kwenye mashine ya milikulombi 504 ni takriban 150. Itawazidi baadhi na kuwapungukia wengine, na mnaipokea hasara hiyo kwa sababu maisha yako mbele. Kwa upande wa kulia njia hii haitoshi.

Baada ya siku ya kwanza kizingiti hakikai palepale. Degedege lenyewe ni dawa ya kupunguza degedege, kwa hiyo katika tiba 6 hadi 12, mara mbili au tatu kwa wiki, kizingiti hupanda. Mgonjwa wa pande mbili aliyeanza na 75 anaweza kukikuta kizingiti chake kimeifikia dozi hiyo kwenye tiba ya sita au ya saba. Msisubiri degedege likose kabisa. Tazameni mchoro: mawimbi yawe makubwa, yalingane pande zote mbili, na mwishoni mchoro uanguke na kuwa karibu bapa. Mapigo ya moyo yapande wazi. Mguu ucheze sekunde 20 au zaidi, mchoro 25 au zaidi. Mchoro ukianza kuwa mdogo na kuisha kwa kufifia, pandisheni kwa asilimia 25 hadi 50. Na muwe waangalifu na sekunde: dozi inayogusa kizingiti kwa shida inaweza kuleta degedege refu kuliko dozi kubwa nzuri. Refu si bora.

Likifika dakika mbili dawa ziwe mkononi, na dakika tatu likatishwe: diazepamu miligramu 5 hadi 10 kwenye mshipa, au propofoli, oksijeni ikiendelea. Mguu ukitulia msidhani limekwisha. Mchoro unaweza kuwa bado unaendelea.

Upande wa pili wa dozi unausoma kwa mgonjwa anayeamka. Kila baada ya dakika tano muulizeni mambo matano: jina, mahali alipo, siku, umri, tarehe ya kuzaliwa. Andikeni dakika alipopata manne. Muda huu ukirefuka, kumbukumbu zake za nyuma ziko hatarini. Ni ishara ya kupunguza, kubadili upande au kupunguza idadi kwa wiki. Lakini wazee wengi wa vijijini hawajui tarehe ya kuzaliwa hata wakiwa wazima. Waulizeni kabla ya tiba wanachokijua, jina la mtoto wa kwanza, kijiji walikoolewa, na hayo ndiyo myatumie. Na kama lugha yake ni Kigogo au Kirangi, aulizwe kwa Kigogo au Kirangi. Bibi akikosa kujibu Kiswahili cha haraka cha mwanafunzi, akaandikiwa kuchanganyikiwa, mtampunguzia umeme anaouhitaji.

Kwenye faili iandikwe chaji kwa milikulombi, upana wa pigo, hezi, sekunde, mkondo, elektrodi zilipokaa, ukinzani, dawa ya usingizi na kiasi chake kwa kilo, muda kutoka usingizi hadi umeme, sekunde za mguu na za mchoro, na dakika za kurudiwa na fahamu. Kizingiti kiandikwe peke yake kwenye jalada la mbele, pamoja na tarehe kilipopimwa na dawa alizokuwa akitumia siku ile. Akihamishiwa hospitali nyingine ukurasa huo uende naye.

Mmegawiwa kurasa tatu za mfano, za wagonjwa wa kubuni, zote zikiwa na nafasi zilizoachwa wazi. Ukurasa wa kwanza haujaandikwa hezi wala mkondo. Chukueni kalamu, mniambie kama chaji yake inaweza kujulikana.